Tawi Moja, Majira Mazima: Shajara ya Mradi wa Picha za Machipuko

Kabla ya kuanza: kalenda ya mti

Lengo la mradi ni dogo. Tunapiga picha za majira ya machipuko yanayopita mlangoni kila siku, kwa simu au kamera ndogo, bila safari na bila mzigo wa vifaa. Uti wa mgongo ni tawi moja la mtofaa, yaani mti wa tufaha, linalopigwa picha kutoka mahali palepale tangu tumba livimbe hadi petali ya mwisho ianguke. Mengine yote, madimbwi, vivuli, nyuki, watu waliovua makoti, yanaingia pembeni yake.

Maingizo hayakupangwa kwa tarehe. Mti uleule huweza kutangulia au kuchelewa kwa majuma kadhaa mwaka hadi mwaka, kutegemea joto, na msimu unaokuja Machi upande wa kaskazini wa dunia huja Septemba upande wa kusini. Tunatumia namba za mfumo wa BBCH, ambao wataalamu wa mimea huutumia kutaja hatua za ukuaji. Kwa mtofaa, 00 ni tumba lililolala, 51 ni tumba lililovimba, 57 ni tumba la rangi ya waridi, 60 ni maua ya kwanza kufunguka, 65 ni pale angalau nusu ya maua yamefunguka, na 69 ni petali zote kuanguka. Ni tarakimu mbili tu na zinaingia vizuri kwenye jina la faili. Zaidi ya hapo, picha ya hatua ya 57 mwaka huu inawekwa kando ya ile ya mwaka ujao bila kujali siku zimepishana kiasi gani.

Watu wamekuwa wakiandika machipuko zamani sana kabla ya kamera. Robert Marsham alianza mwaka 1736 huko Norfolk, Uingereza, kuandika dalili za kwanza za msimu, na ukoo wake ukaendeleza daftari hilo hadi 1958. Kumbukumbu za kuchanua kwa micheri (miti ya cheri) ya Kyoto, Japani, zinarudi hadi karne ya 9, ndiyo maana ilijulikana kwamba kilele cha Machi 26, 2021 kilikuwa cha mapema kupita vyote vilivyokuwa vimeandikwa hadi wakati huo. Picha inaongeza kitu ambacho daftari halina: inabeba hata yale ambayo mpigaji hakuyatilia maanani siku ile.

Hatua ya 00 hadi 51: kuchagua tawi na kuweka alama

Tawi zuri liko usawa wa kifua hadi macho, karibu na shina ili upepo usilichezeshe sana, na nyuma yake kuna kitu kilicho mbali na chenye giza kidogo: ua wa miti, ukuta wenye kivuli, kichaka. Tawi lenye mbingu tupu nyuma linavutia siku ya kwanza, kisha linasumbua msimu mzima. Maua meupe mbele ya mawingu meupe hayaonekani, na kipimo cha mwanga hudanganyika kila mara.

Kurudi mahali palepale ni kazi ngumu kuliko inavyodhaniwa. Jiwe la kusimamia halitoshi, kwa sababu kichwa kikisogea sentimita 10 tu, vitu vya nyuma vinahama. Dawa yake ni kulinganisha vitu viwili vilivyo umbali tofauti. Chagua panda ya tawi, pale linapogawanyika, usogee hadi ionekane inagusana na kona ya dirisha au mwamba wa uzio ulio nyuma. Kisha tafuta jozi ya pili upande mwingine wa fremu. Jozi zote mbili zikikaa sawa, uko palepale kwa urefu, upana na umbali. Washa gridi ya kamera na uandike kwa maneno: "panda kwenye kona ya chini kushoto ya dirisha." Majani yakishatoka, nusu ya alama zitafichwa, kwa hiyo chagua alama zilizo chini ya tawi.

Acha nafasi tupu pande zote, kama asilimia 10 ya fremu, na zaidi upande wa juu. Vitawi vitarefuka, halafu uzito wa majani na mvua utalishusha tawi. Fremu iliyobana hatua ya 51 itakuwa imekata maua hatua ya 65. Kwenye kitawi chenyewe funga uzi laini, ulegee, usiwe waya. Waya hukaba gome kadiri kitawi kinavyonenepa.

Saa ya kupiga ina mtego wake. Karibu na siku ambayo mchana na usiku hulingana, mchana hurefuka kwa kama dakika 19 kila juma kwenye latitudo ya 40, na kama dakika 26 kwenye latitudo ya 50. Saa mbili na nusu asubuhi ya leo si mwanga uleule wa saa mbili na nusu baada ya majuma matatu. Nchi nyingi za kaskazini pia husogeza saa mbele katikati ya msimu. Simu hujirekebisha yenyewe, kamera nyingi hubaki na saa ya zamani, na mpangilio wa faili unavurugika. Tunapima kwa kivuli: mtu aliyesimama wima akiwa na kivuli kirefu mara mbili ya kimo chake, jua liko karibu nyuzi 27 juu ya upeo. Mwanga huo unatoka ubavuni na bado una nguvu. Siku ya mawingu mazito kipimo hiki hakina kazi, ila siku hiyo saa yenyewe haina uzito mkubwa.

Hatua ya 53 hadi 57: kitu kidogo, fokasi ndogo

Ncha za kijani zimetoka kwenye matumba. Hapa ndipo simu huanza kukaidi. Lenzi kuu ya simu nyingi za sasa, ambayo upana wake ni sawa na milimita 24 hadi 28 kwenye kamera ya filamu, haiwezi kulenga kitu kilicho karibu sana. Nyingi huishia kati ya sentimita 15 na 25. Ukisogea zaidi, simu huhamia kimyakimya kwenye lenzi pana na kuikata picha yake. Dalili ni mandhari ya nyuma kuruka ghafla kwenye kioo, na mwanga kupungua. Zima uhamaji huo kwenye mipangilio, rudi nyuma, kisha tumia lenzi ya kukuza mara 2 au mara 3. Tumba litaonekana dogo kidogo, lakini ukali na rangi vitakuwa bora, na tawi halitapinda kingoni.

Kwa wenye kamera na lenzi ya karibu, hesabu inayosaidia ni hii. Kwenye kamera ya sensa kamili, yaani yenye ukubwa wa fremu ya filamu, ua likipigwa kwa robo ya ukubwa wake halisi na tundu la lenzi likiwa f/8 (namba hii ikikua, tundu hupungua), eneo lililo kali lina kina cha kama sentimita moja. Ukisogea hadi ukubwa sawa na halisi, kwa tundu lilelile, kina hicho hushuka hadi milimita moja. Kufunga tundu hadi f/16 au f/22 kunaongeza kina, lakini mwanga unaopita kwenye tundu dogo hutawanyika na picha nzima hulainika. Afadhali kugeuza kamera iwe sambamba na kile unachotaka kiwe kikali. Shada la matumba likitazamwa kwa ubavu, matumba matatu yanaingia kwenye bapa moja. Likitazamwa kwa mbele, moja tu linapona.

Hatua ya 57 ndiyo nzuri kuliko zote kwa rangi, na watu wengi huiruka wakisubiri maua. Tumba la mtofaa ni la waridi kwa nje hata kwenye aina ambazo ua lake likifunguka ni karibu jeupe. Kwa karibu, shada lina matumba matano au sita yamezungukwa na majani madogo yenye vinyweleo vyeupe, na lile la katikati limetangulia wenzake. Hilo ndilo litakalofunguka kwanza. Ukitaka picha ya ua moja lililo wazi limezingirwa na matumba ya waridi, lenga shada ambalo tumba la katikati limevimba kama mpira na petali zimeanza kuachana juu. Hali hiyo hupita haraka, na siku yenye joto hupita haraka zaidi.

Vinyweleo vinaonekana vizuri zaidi kwa mwanga wa nyuma. Simama jua likiwa mbele yako, nje kidogo ya fremu, na ukinge lenzi kwa kiganja. Kabla ya hapo futa kioo cha lenzi. Mafuta ya kidole ambayo hayaonekani kwenye mwanga wa kawaida huwa utandu mweupe jua likiipiga lenzi. Kwa simu, tunadiriki kusema, hii ndiyo sababu ya kwanza ya picha za machipuko kukosa uhai, na tiba yake ni pindo la fulana safi.

Usiku wa jalidi

Joto likishuka chini ya nyuzi sifuri hatua ya 57 au zaidi, kagua maua kabla ya kupiga picha za karibu. Maua yaliyo wazi huanza kuumia karibu na nyuzi 2 chini ya sifuri. Petali zinaweza kubaki nyeupe kabisa huku kitovu cha ua kimekuwa cheusi, na kwenye kioo kidogo cha simu huoni mpaka ufike nyumbani. Manolia haina siri: petali zake hugeuka kahawia kwa usiku mmoja.

Jalidi yenyewe ni mawindo mazuri kwenye ncha za nyasi na kingo za majani, dakika chache tu baada ya jua kuigusa. Ukiingia ndani na kamera baridi, unyevu wa hewa utageuka matone kwenye lenzi. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki ukiwa bado nje, uiache humo hadi ifikie joto la chumba.

Hatua ya 60 hadi 65: weupe, upepo, nyuki

Kwanza swali la lini kuandika 60. Kwa micheri, idara ya hali ya hewa ya Japani hutangaza kuanza kuchanua pale maua 5 au 6 yanapofunguka kwenye mti wa mfano, na kilele ni asilimia 80. BBCH inaita kilele asilimia 50. Chagua kipimo kimoja ukishike. Sisi tunahesabu kwenye tawi lililofungwa uzi tu, si mti mzima, kwa sababu upande wa jua hutangulia.

Sasa weupe. Kipimo cha mwanga cha kamera hudhani kila kinachoona ni kijivu cha wastani. Maua meupe yakijaza fremu chini ya mawingu, yatatoka ya kijivu: ongeza stopu +0.7 hadi +1 kwenye kitufe cha kurekebisha mwanga (stopu moja ni mwanga maradufu, au nusu ukipunguza). Tawi likiwa mbele ya mbingu nyeupe, ongeza +1 hadi +1.7 na ukubali mbingu ipotee. Lakini ua lililopigwa na jua mbele ya kivuli kizito ni kinyume chake: kamera inaona giza, inafungulia mwanga, na petali zinaungua. Hapo punguza 0.7 hadi 1. Kwenye simu, shikilia kidole juu ya ua hadi fokasi na mwanga vifungwe, kisha telezesha kidole juu au chini. Ukigusa tu bila kushikilia, simu itapima upya pindi tawi litakapotikisika.

Namna ya kujua kama petali imeungua: ikuze picha utafute mishipa. Petali ya mtofaa ina mistari myembamba kutoka shinani hadi ukingoni. Mistari ikipotea, hakuna uhariri utakaoirudisha kwenye JPEG, faili la kawaida la picha lililobanwa. Faili la RAW, lenye data ghafi ya sensa, lina nafasi zaidi, lakini si sana upande wa mwanga mkali. Tulipu jekundu lina mtego wa peke yake. Chaneli ya rangi nyekundu hujaa kabla ya histogramu ya mwanga, ile grafu ya mgawanyo wa mwanga kwenye picha, kuonyesha hatari, na ua linageuka doa moja lisilo na mikunjo. Tazama histogramu ya rangi tatu, au punguza mwanga kwa theluthi mbili ya stopu bila kuuliza.

Upepo ndio unaoharibu picha nyingi zaidi hatua hii, na hesabu inaeleza kwa nini. Tuseme fremu inachukua upana wa sentimita 10 kwa pikseli 4000. Kila milimita ni pikseli 40. Ua linaloyumba kwa kasi ndogo tu ya sentimita 5 kwa sekunde husogea milimita 0.2 shata ikifunguka kwa 1/250 ya sekunde, yaani pikseli 8, na ukungu wake unaonekana wazi. Kwa 1/1000 linasogea pikseli 2, na hizo unaweza kuzisamehe. Siku ya mawingu, f/4 na 1/1000 vitahitaji ISO (unyeti wa sensa kwa mwanga) ya 400 hivi. Juani, f/8 na 1/1000 vinatosheka na ISO 200. Usiogope ISO. Chembechembe za ISO 800 hupunguzwa baadaye, ua lililoyumba halitengenezeki.

Programu ya kawaida ya simu mara nyingi haikupi kuchagua kasi ya shata. Weka programu yenye mipangilio ya mkono, au piga mfululizo wa picha na uchague ile iliyonasa ua likiwa mwisho wa mbembeo wake, kabla halijageuza mwelekeo, maana hapo linasimama kwa kitambo. Alfajiri kwa kawaida hewa imetulia kuliko adhuhuri. Karatasi nyeupe ya A4 iliyokunjwa na kusimamishwa upande wa upepo hufanya kazi mbili: inakinga na inarudisha mwanga kwenye kivuli cha ua. Iweke umbali wa sentimita 30. Ikiwa karibu zaidi, kivuli chote kinakufa na ua linaonekana limebandikwa.

Zima hali ya picha-mtu (portrait) kwenye simu unapopiga maua. Ukungu wa nyuma unaotengenezwa na programu hukata stameni, humeza vitawi vyembamba na kuacha ukingo mkali pale petali inapokutana na mbingu. Ukungu halisi ni rahisi: ua liko sentimita 30 kutoka kwenye lenzi ya mara 2 au 3, cha nyuma kiko mita 3 au zaidi. Zima pia hali ya usiku, maana huunganisha fremu nyingi na petali zinazotikisika huwa uji.

Nyuki. Usimfukuze. Ua la mtofaa lina petali 5 na stameni kama 20; lililofunguka karibuni lina vichwa vya stameni vya njano iliyofifia, na likishatoa chavua vichwa hivyo hunywea na kuwa kahawia. Lenga shada lenye maua mapya, funga fokasi kwenye ua lililo usawa wake, kisha ngoja. Nyuki wa asali hupiga mabawa mara 230 hivi kwa sekunde, kwa hiyo hata kwa 1/1000 bawa hupita karibu robo ya mpigo wake na litatoka na ukungu. Mwili ukiwa mkali, ukungu wa bawa ni pambo. Anayetaka bawa lililosimama aende 1/4000. Asubuhi ya baridi usipoteze muda. Nyuki wengi hawatoki kabla hewa haijapata joto la nyuzi kumi na kitu.

Siku za mvua

Tusiache kamera ndani. Mawingu ni karatasi kubwa ya kulainisha mwanga, na rangi ya kijani hukolea gome na majani yakiwa yamelowa. Mng'ao wa majani mabichi yenye maji ndio unaopausha rangi. Kichujio cha polaraiza kikizungushwa taratibu huuondoa, kwa gharama ya stopu 1 hadi 2 za mwanga. Kwenye simu, kipande cha kichujio hichohicho kilichoshikwa mbele ya lenzi kinafanya kazi ileile.

Tone la maji lililoning'inia kwenye kitawi ni lenzi. Weka ua nyuma yake kwa sentimita 5 hadi 15 na utaliona ndani ya tone, miguu juu. Kosa linalorudiwa ni kulenga ngozi ya tone. Taswira ya ua haiko juu ya ngozi wala katikati ya tone. Inajengwa upande wa kamera, umbali wa kama nusu kipenyo mbele ya tone lenyewe. Kwa tone la milimita 3, hiyo ni milimita moja na nusu hivi. Kwa hiyo funga fokasi kwenye ukingo wa tone, kisha rudisha kamera nyuma milimita mbili tatu, ukipiga mfululizo. Katika msururu huo kuna fremu ambayo ukingo wa tone umelainika na ua lililo ndani limekaza. Hiyo ndiyo ya kubaki nayo. Geuza picha nyuzi 180 ukipenda ua lisimame.

Pembeni mwa tawi

Picha nyingi za msimu huu hazitatoka kwenye tawi. Dirisha lililofunguliwa kwa mara ya kwanza baada ya baridi, pazia likivutwa nje. Nguo kwenye kamba zikipitisha jua. Baiskeli iliyofutwa vumbi. Mwavuli ukikauka barazani. Hizi hazihitaji mbinu nyingi. Zinahitaji simu iwe mkononi na fremu ipunguzwe. Kabla ya kubonyeza, tazama pembe nne za kioo, uondoe kisichohusika kwa kusogea hatua moja.

Chini ya miti yenye majani nusu, mwanga hushuka kwa madoa ya duara. Kila doa ni taswira ya jua lenyewe kupitia upenyo mdogo wa majani, ndiyo maana ni duara hata upenyo ukiwa na pembe. Kwenye ukuta au njia, madoa hayo ni picha tosha. Kwenye uso wa mtu ni balaa, maana doa moja linaanguka puani na jicho linabaki gizani. Msogeze hadi ukingoni mwa kivuli, akitazama upande wenye mwanga. Mtu usiyemjua aombwe kwanza, na watoto wa wengine wasipigwe bila mzazi kukubali.

Krokasi na tulipu hufunguka kwa joto na kujifunga kwa baridi, kwa hiyo anayefika mapema sana atakuta vikombe vimefungwa. Vipige hivyo hivyo alfajiri, urudi jua likishapanda. Zote ziko chini, na picha inayopigwa ukiwa umesimama huonyesha udongo zaidi ya ua. Igeuze simu kichwa chini ili lenzi ikae karibu na ardhi, usawa wa petali. Angalia pa kuweka goti: vichipukizi vya vitunguu vya maua vinavyovunjwa havioti tena mwaka huo. Kiota cha ndege, chenye mayai au kitupu, hakisogelewi kwa sababu ya picha.

Hatua ya 67: petali chini

Petali nyingi zimeanguka. Petali zinazopukutika hewani zinahitaji giza nyuma yake na jua likitokea nyuma yake pia, la sivyo hazionekani. Kwa 1/500 utazisimamisha. Kwa 1/30 zitakuwa michirizi, ila kamera iwe imeegemezwa.

Dimbwi lenye petali juu na mti ndani yake linadanganya fokasi. Petali ziko juu ya maji, sentimita 60 kutoka kwako. Taswira ya mti iko mbali kama mti wenyewe: umbali wako hadi kwenye maji, kuongeza umbali wa maji hadi mti. Tundu kubwa la lenzi ya simu haliwezi kuvikaza vyote viwili kwa umbali huo. Amua. Petali zikiwa kali na mti ukawa ukungu wa rangi, picha inasomeka. Kinyume chake, petali huwa madoa meupe. Polaraiza ivuliwe hapa, kwa sababu maji yakitazamwa kwa nyuzi kama 37 kutoka usawa wake, kichujio kinaweza kuifuta taswira karibu yote.

Hatua ya 69 na kuendelea: faili

Jina la faili: mwaka, mwezi, siku, kisha hatua, kisha neno moja. Tarakimu zikianza na mwaka, kompyuta hupanga yenyewe. Kila hatua ya tawi inabaki na picha moja, pamoja na ya akiba moja; nyingine zinafutwa juma hilohilo, kwa sababu zikisubiri mwisho wa msimu hazitafutwa kamwe. Nakala ziwe tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae nje ya nyumba.

Uhariri wa mfululizo uwe mmoja kwa picha zote. Mizani ya weupe ikiachwa ijiendeshe, rangi itabadilika kutoka picha moja hadi nyingine, na mtazamaji atadhani ni mti uliobadilika. Funga kwenye 5500 K (kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga) kwa jua na 6500 K kwa mawingu. Kijani cha majani machanga kina njano nyingi na simu hukikoleza. Punguza ukolezi wa kijani peke yake kwa 10 hadi 15, uache waridi ilivyo.

Kwa kuchapa, sentimita 10 kwa 15 kwa msongamano wa pikseli 300 kwa inchi zinahitaji pikseli 1181 kwa 1772, kama milioni 2. Simu ya pikseli milioni 12 inaruhusu kukata zaidi ya nusu ya fremu na bado ikatosha, na hapo ile asilimia 10 ya pembeni inapata matumizi: linganisha picha zote kwa jozi za alama, kisha kata zote kwa kipimo kimoja. Ziweke kwenye ukanda mmoja kwa mpangilio wa namba. Pengo lililobaki, kwa kawaida kati ya 57 na 60, liachwe wazi lenye namba yake, lijazwe mwaka ujao kutoka kwenye alama zilezile. Uzi ukaguliwe hatua ya 71, matunda yakifika milimita 10, na ulegezwe kama umeanza kubana.